Kuhusu Tulia, Anayechimba Mlangoni

Kwa binti yangu Raheli,
Nyumbani hapa hapa.

Yah: Mbwa wako Tulia, pamoja na safari yako

Baada ya salamu, tafadhali pokea barua hii kwa mikono miwili. Sisi hatujambo. Najua kwamba hali yetu unaifahamu, kwa kuwa asubuhi ya leo tumekunywa uji wa sufuria moja. Hata hivyo barua isiyotanguliza hali ya mwandishi ni kama mgeni anayeingia bila kubisha hodi, nami sijapata kuandika barua ya namna hiyo, si kwa serikali, si kwa kanisa, wala kwa mtu binafsi.

Sababu za kukuandikia ni mbili. Ya kwanza ni kukuaga, kwa kuwa kesho asubuhi utapanda lori la Nzega ili ufike Tabora katika chuo cha ualimu, na mimi katika kuagana mdomo wangu huwa mzito. Ya pili ni kuomba uamuzi wako juu ya Tulia. Balozi wetu wa nyumba kumi ametaka mbwa huyo afungwe kamba mchana kutwa, au sivyo aondolewe katika mstari wetu wa nyumba. Shangazi yako Debora, aliyekuja kukuaga, yuko tayari kumchukua kesho hiyo hiyo arudi naye Mkiwa. Mbwa ni wako, ulimlea kwa mkono wako. Nimewaandikia watu wengi maombi juu ya mali zao, lakini sijawahi kutoa jibu juu ya mali ya mtu bila idhini ya mwenye mali.

Sitaandika habari za kufunga sanduku, wala kuficha nauli, wala kutokula vitu vya njiani. Mama yako ameyasema hayo tangu juma lililopita na bado hajafika mwisho. Hivi sasa wewe na yeye mmekwenda kuwaaga majirani, shangazi yako amejilaza ndani, nami nimekaa ukumbini karibu na mtungi wa maji. Tulia amefungwa kwenye nguzo. Amelikwaruza gunia lake, amelizunguka, amelikwaruza tena, na sasa amelala akinitazama kama karani anayesubiri nimalize aya.

Niruhusu nianze na mama yake, maana jambo hili halikuanza kwa Tulia.

Utakumbuka kwamba kule juu Sekenke, kabla ya kuhamia kijijini, tembe letu lilisimama peke yake. Mtu aliyekuwa na neno juu ya jirani yake hakwenda kumgombeza. Alitafuta mbwa akampa jina. Mzee wa ng'ambo ya korongo alimwita mbwa wake Mnaonaje, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mimi nilimjibu kwa kumpa wangu jina la Watachoka. Jioni tulisimama kila mtu upande wake tukiwaita mbwa wetu kwa sauti ndefu, na shauri lile lilikwenda miaka mingi bila mtu yeyote kumtukana mwenzake. Ulikuwa utaratibu mzuri.

Hapa kijijini nyumba zimepangwa mlango kwa mlango. Jioni ya kwanza nilitoka nje nikaita kama nilivyozoea. Mke wa jirani akatokeza na mwiko mkononi.

“Baba Raheli, nani atachoka? Sisi hata vyombo hatujavitoa kwenye kikapu!”

Nilimweleza kwamba lile ni jina la mbwa. Akasema, “Ndiyo, na mimi nauliza huyo mbwa anatuonaje.” Tangu siku ile nikaona kwamba majina ya mlimani hayafai barabarani, na Watachoka alipozaa nilikuagiza umpe mtoto wake jina lisilomgusa mtu. Ukamwita Tulia. Jina lile halikumgusa mtu yeyote, na mwenyewe pia halikumgusa.

Watachoka hakuipenda nyumba hii. Alitoroka mara kwa mara kurudi mahame yetu kule juu, nami nikapanda kumfuata nikiwa na hasira na kamba. Nilimkuta pale palipokuwa na zizi la mbuzi, amechimba shimo la kumtosha yeye tu, amejikunja ndani yake kama yai. Nilimwita mkaidi. Nilimburuta mpaka chini. Baadaye alipozaa alitulia kidogo, lakini barabara kuu hakuwahi kuielewa, maana kule mlimani hakuna kitu kinachokuja kwa kasi ile, na lori likamgonga akafa, watoto wakiwa bado wananyonya. Wenzake Tulia walichukuliwa na watu. Yeye, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akabaki katika khanga yako ya zamani, nawe ukimlisha uji wa uwele kwa kidole.

Ndipo vikaanza vituko ambavyo mimi niliviona ni tabia mbaya za mbwa asiye na mama. Alinyonya pembe ya ile khanga mpaka ikalowa. Alitafuna kandambili zangu za tairi, tena ile ya kulia tu. Alipopewa tonge la ugali alilizungusha uani, akalifukia kwa pua nyuma ya jiwe la kusagia, kisha akasahau alikolifukia akaja kudai jingine. Nilipomwamkia kwa sauti alijikojolea. Mama yako alisema, “Mwache, ndiyo shikamoo yake hiyo.” Mimi sikukubali shikamoo ya namna hiyo ukumbini kwangu.

Lakini kubwa lilikuwa kuchimba. Usiku alilikwaruza gunia lake hata tukadhani mtu anatoboa ukuta. Niliondoa gunia nikaweka ubao. Akaukwaruza ubao, na kelele zikazidi. Nilinyunyiza pilipili kwenye gunia. Akapiga chafya hadi alfajiri, nami vilevile, kwa kuwa lilikuwa karibu na mlango wetu. Nilikuwa na imani, mwanangu, kwamba jambo lolote likikatazwa kwa utaratibu mzuri litakoma.

Kisha ukaja wakati wa joto, na mama yako akaugua. Unakumbuka jinsi alivyokonda. Katika siku hizo hizo Tulia akahamia mlangoni kwake, hapa penye mtungi, akawa anachimba mchana. Majirani waliokuja kumwona mgonjwa walipita juu ya lile shimo wakinong'onezana. Najua uliwasikia, maana ulitoka ukaenda kukaa nyuma ya nyumba. Wazee wetu husema mbwa akichimba mlangoni anachimba kaburi, na mimi, ambaye nimewaandikia watu barua za kukanusha uchawi mbele ya baraza, niliingiwa na hofu.

Sikumwambia mtu. Kila asubuhi kabla hamjaamka nililifukia shimo, nikamwaga maji ya mtungi ili udongo ushikane, nikalikanyaga. Ilipofika saa sita Tulia alikuwa amelifukua. Kesho yake nilifukia kwa bidii zaidi na kwa maji mengi zaidi. Naye akachimba kwa bidii zaidi. Nilimtazama akirusha udongo nyuma kwa miguu yote miwili ya mbele, mkia juu, furaha tele, nikaona mtu hawezi kuwa na furaha namna hiyo katika kazi ya kheri.

Mwishowe nilimwandikia bwana mifugo. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, nami hadi leo siionei haya. Nilieleza ugonjwa wa kuchimba tangu ulipoanza, dalili zake na hatua nilizochukua. Alikuja kwa baiskeli, barua yangu ikiwa mfukoni mwa shati.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Ndiye mgonjwa huyu?”

“Ndiye.”

Akamshika taya, akatazama macho, akambinya tumbo. Tulia akamtolea shikamoo yake kwenye kiatu.

“Anakula?”

“Anakula chakula chake, kisha anakula viatu vyangu.”

“Basi hana ugonjwa. Meno yanaota. Na huku kuchimba, mzee, huyu anatandika.”

“Anatandika nini, na kitanda hana?”

“Ndiyo sababu anatandika.”

Akachuchumaa akaweka kiganja ndani ya shimo, akaniambia na mimi niweke. Juu udongo ulichoma kama kikaango. Ndani ulikuwa baridi kama shavu la mtungi. Alieleza kwamba mababu wa mbwa walilala porini, wakizunguka ili kulaza majani na kuparua ardhi kutafuta ubaridi wakati wa joto na kinga wakati wa upepo. Kwamba nyayo zao hutoa harufu, na kukwaruza ni namna ya kusema hapa pana mwenyewe. Na kwamba mbwa mdogo hufanya yote hayo kwa kupita kiasi, kama mtoto aliyefundishwa kufagia jana. Kisha akautazama udongo, akanitazama mimi.

“Hapa pamelowa. Nani anamwagia maji?”

Nikamjibu kwamba ni mimi, kila asubuhi, kwa makusudi ya kuimarisha.

Yule kijana alivua kofia. Alijaribu kujizuia asicheke kwa ajili ya mvi zangu, akashindwa, akashika baiskeli asianguke. “Mzee wangu, ardhi ya hapa ni ngumu kama tofali. Asingeiweza huyu na kucha hizi. Wewe unamlimia, unamlainishia, unampozea. Yeye anakuja kulala tu!”

Na kutoka ndani, kitandani ambako hatukuwa tumesikia sauti juma zima, mama yako akasema:

“Baba Raheli! Kumbe kaburi langu ulikuwa unalichimba wewe?”

Akacheka mpaka akakohoa, akaomba maji, kisha akaomba mlenda. Wewe ulikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba ukidhani pametokea msiba, ukatukuta watu wazima watatu tunafuta machozi na mbwa amelala katikati. Sijapata kuchekwa vile maishani mwangu, na sijapata kufurahia jambo lolote zaidi ya pale.

Tangu siku hiyo nimemchunguza, maana sipendi kuliamini jambo kwa kusikia tu. Wakati wa joto hulisukuma gunia mbali naye ili aifikie sakafu. Wakati wa kipupwe hulivuta gunia kwake, akalikunja likawa ukingo, akajizika ndani. Miguu ni ile ile na kelele ni zile zile, lakini haja ni mbili zilizo kinyume kabisa. Ningemuuliza saa na majira kabla ya kumnyunyizia pilipili, ningelala usingizi mwingi zaidi.

Nikamkumbuka Watachoka katika shimo lake kule mahame, nami mwenye kamba. Na nikajikumbuka mimi.

Kabla ya kuhama, nilisimama mkutanoni nikasema, kwa maneno niliyoyapanga vizuri, kwamba tunakwenda kijijini kwa moyo mweupe, tukapate shule, zahanati na maji ya bomba. Watu walipiga makofi. Hotuba ile haikuwa uongo. Shule ndiyo iliyokufikisha hapa ulipo. Ila mwili wangu haukuhudhuria mkutano ule. Tulipofika nilikihamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule. Nilisema mwezi unaingia dirishani. Nikakihamisha tena, nikasema upande huu unanuka udongo mbichi. Nikageuza kichwa kikawa miguuni. Mama yako alivumilia, kisha akaketi gizani akasema, “Baba Raheli, lala. Kitanda hakijakosa.”

Kilichokosekana ni harufu ya moshi wetu wa miaka yote, ulioingia katika magogo ya dari ya lile tembe. Hapa paa ni jipya na lilinuka nyasi za watu wengine. Sikuwa na neno la kulisema hilo, mimi ninayetafutwa na watu kwa sababu ya maneno. Basi nikawa nakwaruza. Nyumba hii ilikuja kuwa yetu polepole, kwa moshi wa mama yako na kelele zenu, na sasa sikumbuki ni lini niliacha kusogeza kitanda.

Ndiyo maana nakuandikia haya badala ya mengine. Utafika bwenini Tabora, utapewa kitanda kilicholaliwa na msichana mwingine kabla yako, na utageuka. Utavuta shuka huku, utalisukuma kule, utaona mto una kosa. Wenzako wanaweza kukucheka. Geuka tu, mwanangu. Usiandike kwa mama yako kwamba chuo ni kibaya kabla hujajua kama ni joto au ni baridi. Na siku utakapopewa darasa, ukamwona mtoto anakwaruza dawati na kuhangaika, sitakuambia ufanye nini, kwa kuwa utakuwa umesoma kuliko mimi. Nakuomba tu uweke kiganja chako pale alipoketi.

Sasa nirudi kwenye shauri lenyewe.

Tulia ameacha mlango wetu kwa sababu mimi nimeacha kumwagilia. Amehamia mlangoni kwa Bibi Mbula, mama yake balozi, ambaye humwaga maji ya kunawia pale pale kizingitini. Watoto wa mstari wetu wamemtungia wimbo, “Tulia fundi, shimo la viroboto,” nao humchochea. Lakini Bibi Mbula haoni tena. Mchana anapokuwa peke yake husikia ile miguu inaparua chini ya mlango wake, na juzi alimwambia mwanawe, “Wamekuja kunipima kaburi.”

Balozi alikuja kwangu kwa adabu, akavua kofia.

“Mzee mwenzangu, mimi najua anatandika. Wewe umenieleza, bwana mifugo amenieleza, hata hawa watoto wanaimba. Lakini sikio la mama yangu nani atalieleza? Nimejaribu. Ananiambia, ‘Sawa mwanangu,’ kisha halali.”

Nilikuwa na jibu tayari kichwani, lenye aya nne, na aya ya tatu ilikuwa nzuri sana. Sikulitoa. Mimi mwenye macho mawili nilikifukia kile kishimo alfajiri kwa hofu. Sembuse ajuza aliye gizani? Haki iko upande wao, na nimekubali kwamba kuanzia leo Tulia hatatembea mchana bila kamba.

Kamba haipendi, nawe umeona. Ulipokwenda Singida kufanya usaili tulimfunga kwa majaribio. Alichimba kuizunguka nguzo mpaka tukaogopa paa, kisha akalala akielekeza pua barabarani, na hakula mpaka mama yako alipomwekea ile khanga yako. Akibaki, atakuwa hivyo mchana kutwa, na jioni nitamfungulia. Likizo ukirudi utamkuta, na atakuwa wako.

Kwa shangazi yako mambo ni tofauti. Nyumba yake iko mbali na njia panda, magari hayafiki, ardhi ni ya kichanga, na tangu mumewe afariki yuko peke yake na mtama wake. Leo mchana nilimweleza tabia zote za Tulia, sikuficha hata moja. Akasema, “Nipeni. Huko kwangu achimbe mpaka atokee Manyoni.” Lakini kisha akaacha utani akasema, “Kaka, nikae naye mwaka mzima, nimlishe, nilale naye mlangoni, halafu Raheli aje kumdai? Akija Mkiwa ni wangu. Mwambie mtoto ajue hivyo.” Amesema haki. Mbwa ambaye hakuacha mama yake wa kwanza kwa hiari, akipata wa tatu atamshika huyo.

Mama yako nilimuuliza. Amesema, “Mwachie mwenyewe.”

Na mimi, kwa kuwa ombi linaloficha nia ya mwombaji si ombi safi, nakiri kwamba ningependa abaki. Nimeingia ofisi nyingi na barua zangu, na hakuna hata moja nilikopokelewa kama huyu anavyonipokea nikitoka shamba. Utakapokuwa umeondoka, nyumba hii itapungua sauti. Lakini kamba haitakuwa shingoni mwangu, kwa hiyo upendeleo wangu nimeuandika ili uujue, si ili uufuate.

Hutakosea kwa jibu lolote. Ukisema abaki, nitamfunga kwa mkono wangu na kumfungulia kwa mkono wangu, na Bibi Mbula atalala mchana. Ukisema aende, nitalikunja gunia lake nilitie katika lori, pamoja na ile khanga ikiwa utaitoa, na wala sitafikiri kwamba hukumpenda. Lori la kwenda Singida hutangulia la Nzega, na shangazi yako atataka kujua mapema kama anafunga mzigo mmoja au miwili.

Kwa hiyo naomba uamuzi wako jioni ya leo, kwa mdomo au kwa maandishi: Tulia abaki hapa, au aende Mkiwa?

Wako katika kungoja jibu,
Baba yako.